Mhamiaji wa Mheshimiwa

Jumatatu, 14 Oktoba
Halmashauri nzima ya jiji imepagawa. Ijumaa wanakuja mameya kutoka nje, tutie saini mkataba wa "undugu wa majiji" — wahamiaji tuwapokee kwa mikono miwili! Mheshimiwa Meya anataka mhamiaji aliyefanikiwa apande jukwaani atoe shukrani. "Mchangamfu," kasema, "na asiwe na kikohozi." Karani wa itifaki ni mimi, basi nimtafute mimi. Kama vile wanauzwa dukani.

Jumatano, 16 Oktoba
Nimempata. Yuko sebuleni kwangu, kwenye kochi langu, yeye na mkewe, tangu vita vilipowafukuza kwao: shemeji, mume wa dada yangu. Fundi cherehani hodari, ila kibali cha kazi hana, anashona kwa kujificha. Mheshimiwa kaahidi: akisema vizuri, kibali atapata.
Shemeji kacheka mpaka machozi. "Yaani nishukuru kwanza, nipewe baadaye?"
Ndiyo, shemeji. Ndiyo siasa.

Alhamisi, 17 Oktoba
Ofisi imemwandikia hotuba. Eti "jiji hili limenikumbatia." Kauliza kama ni kumbatio lile la mgambo. Nimemwambia asome kama ilivyo.
Dada hakucheka. Kaipiga pasi suti ya mume wangu, kaipunguza mikono, halafu kakaa nayo mapajani. Kibali kikitoka watapanga chumba chao. Nami nitalipata kochi langu — Mungu nisamehe.

Ijumaa, 18 Oktoba. Ukumbini
Naandika nyuma ya ratiba. Shemeji hajafika! Kapiga simu: yuko ndani ya lori la mgambo, na suti yake. Wanasafisha barabara watakayopita wageni, wanazoa kila asiye na kibali. Kawaonyesha kadi ya mwaliko. Wamesema kaiiba.
Nikamkimbilia mkuu wa mgambo, kasimama mlangoni na glovu nyeupe. Hawezi kumwachia. Amri ni ya Mheshimiwa mwenyewe.
Nikamnong'oneza Mheshimiwa. Nilidhani atapiga simu — simu moja tu! Akanitazama juu mpaka chini, kama leo ndiyo kaniona.
"Kwani wewe kwenu wapi?"
Miaka yote namwandalia hotuba, hajawahi kuniuliza. Nikamwambia: kule kule kwa shemeji. Uso ukamchanua. Kanisukumia karatasi ya hotuba ya shemeji.
Mshereheshaji anatangaza: "Mhamiaji wetu!" Vichwa vyote vimenigeukia. Simu inatetemeka — dada. Makofi hayaishi, na mimi bado nimekaa, naandika.