Nguzo ya Nashon

Kitengela, 9/3/2003

Nashon wuoda,

Salamu nyingi, mwanangu. Mimi niko, mguu tu ndio unanisumbua. Huko Madrid unakula? Na hiyo baridi?

Mdogo wako Ouko amepata msichana, Valerie, na tayari ako na mimba. Kwao Kajiado wanauliza nyumba iko wapi. Na unajua boma letu Ugenya: mdogo hajengi kabla ya mkubwa, ni kuita kifo. Kuja usimamishe nguzo ya nyumba yako tu, urudi.

Mamako, Apondi

Madrid, 2/6/2003

Mama mpendwa,

Niko salama, nakula. Pole kwa mguu.

Nikitoka bila karatasi, siruhusiwi kurudi huku. Walisema kesi yangu ni kikao "subsiguiente". Hilo hulisikii sokoni, mama, ni neno la ofisi. Maana yake kile kinachofuata hiki papo hapo, hakuna kitu katikati. Kwa hivyo ni karibu. Ouko avumilie.

Mwanao, Nashon

Kitengela, 20/1/2004

Wuoda,

U mzima? Krismasi imepita kimya.

Neno lako nililisema kanisani, wamama wakacheka, "Apondi amekuwa mzungu!" Lakini ni la kweli. Ouko ni subsiguiente wako. Uliacha titi, akalishika. Valerie amezaa msichana, na kwao wamewachukua wote wawili. Kikao kilifika?

Mamako

Madrid, 11/5/2004

Mama,

Habari ya mguu? Kikao kilifika. Wakaandika tena subsiguiente. Nikamuuliza mama wa dirishani, akasema neno ni sawa, kila kikao kiko na chake kinachokifuata. Ngojeni kidogo tu.

Mwanao

Kitengela, 3/9/2006

Nashon wuoda,

Barua zangu tatu hukujibu. Sasa sijui nasalimia nani.

Baba yako mdogo Obonyo alisema asiyeonekana ajengewe kama marehemu, ndio wengine wapite. Nikakataa. "Mtoto wangu ako kwa foleni, hajakufa!" Akaniuliza, "Foleni gani hiyo, shemeji, haisongi?" Mwaka mzima nilikataa. Halafu Valerie akaolewa kwingine, na Ouko akaanza pombe. Nikakubali.

Jumamosi, huko Ugenya, walisimamisha nguzo yako, wakajenga kijumba, wakatundika ndani shati lako la shule. Sikulia. Ningelia, ingekuwa matanga. Ouko akachimba shimo la nguzo yake saa hiyo hiyo, matope yako hata hayajakauka. Hakuna kitu katikati.

Mlango wako nimefunga na kamba. Kufuli nimekataa.

Mamako