Sabufa Haina Sauti ya Pili

Jumamosi, alasiri. Nachingwea kumetanda wingu tangu asubuhi na mvua yenyewe hainyeshi. Joto la kunata. Sijagusa cherehani leo, na mwenye gauni la kipaimara ameshapita dirishani mara mbili kuchungulia.

Nina spika mpya sebuleni. Mpya kwangu, maana zenyewe ni kuukuu. Nimezitafuta wiki tatu nzima, na leo zimenipa nisichokuwa nakitafuta.

Niandike toka mwanzo, labda kichwa kitatulia.

Mama alifariki mwanzoni mwa mwaka huu, kwa kifua kilichoanza kama mafua tu. Alikuwa mwanakwaya wa kigango chetu kule Narung'ombe, upande wa Ruangwa, sauti ya pili, tangu usichana wake. Kitu pekee nilichobaki nacho chenye sauti yake ni wimbo mmoja uliorekodiwa kwa simu kwenye sherehe ya kigango, miezi michache kabla hajafa. Mimi sikwenda kwenye sherehe hiyo. Nilikuwa na oda ya sare za shule, nikamwambia nitakuja sikukuu nyingine. Akamwomba jirani anitumie wimbo, kisha akanipigia mwenyewe. "Sikiliza sauti ya pili," akasema, "nimo humo."

Simu yangu inakwaruza kama mtu anachana kitambaa. Earphone zinatoa upande mmoja, tena kwa kubembelezwa. Nami nilitaka mama aimbe hapa sebuleni, nikiwa nashona. Basi nikatenga hela kidogo nikaanza kuzunguka madukani.

Msimu huu wa korosho kila duka limetoa sabufa nje. Taa za rangi zinawaka mchana kweupe, na kila muuzaji ana wimbo wake wa kuuzia, ngoma nzito mpaka bati linatetemeka. Huku kwetu sabufa inachaguliwa kwa kifua. Ukisimama mbele yake kifua kikagonga, unalipa, unaondoka nayo kichwani. Mimi nguo siinunui mpaka niigeuze nione mshono wa ndani, sembuse kitu cha umeme. Nikawa natoa flashi yangu naomba waweke kwaya. Walinitazama kama nimeleta msiba dukani.

"Dada, unaionea hii mashine," mmoja akaniambia. "Wekea muziki wenyewe uone."

Lakini tatizo halikuwa wimbo. Besi za wanaume zilinguruma kama mashine ya kusaga, kayamba zikachoma masikio, na akina mama wa sauti ya pili hawakuwepo kabisa. Ilikuwa hivyo duka la kwanza, la pili na la tatu. La tatu nilijikaza mpaka nikafika nyumbani, ndipo nikalia.

Nikiri pia kwamba la nne nilikaribia kununua. Mpya, ina rimoti, ina waranti, hela yangu inatosha na chenji inabaki. Ubahili wangu ulishaanza kuniambia kwamba kwaya ni kwaya tu.

Jumatano nilikwenda Ruangwa kufuata vitambaa. Jirani na duka la vitambaa kuna fundi redio, baba mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu.

"Unataka kusikiliza wewe," akauliza, "au unataka majirani wasikie?"

Nikamwambia nataka kumsikia mama yangu. Hakunipa pole wala hakuuliza zaidi. Akavuta chini ya meza spika mbili za mbao na amplifaya isiyo na kifuniko.

"Hizo sabufa zenu zinapiga chini na zinapiga juu. Katikati hamna kitu. Na watu wanaimba hapo hapo katikati."

Akaweka wimbo wangu. Sauti ya pili ikatoka yote, mwanamke mmoja mmoja. Nikalipa bila kuomba punguzo, mimi ninayebishania hadi bei ya sindano.

Siku tatu nimeishi na mama.

Kuna sauti moja nene, iko mbele kidogo ya wenzake, inavuta mwisho wa kila mstari. Nilijua ndiye yeye. Nimeshona nayo, nimepika nayo. Nimeongea nayo pia, naomba msinicheke.

Leo mchana mama mdogo amekuja kutoka Narung'ombe kupimwa macho hospitali. Yeye na mama walikuwa wakiimba bega kwa bega. Nikamkalisha, nikawasha, na sauti ile ilipoingia nikamwinulia kidole.

Akasikiliza hadi ubeti wa pili, ndipo akasema, "Huyo ni Mama Koleta, mwanangu."

Nikamwambia asikilize vizuri.

"Nasikiliza. Mama yako siku ile hakuimba. Kifua kilimbana, akakaa benchi la nyuma, pale pale kwa aliyeshika simu. Alisema tusikwambie, una kazi nyingi."

Sikuzima. Wimbo ukaisha, ikaja ile sehemu ya mwisho ambayo kwenye simu yangu ilikuwa makelele tu. Kwenye spika hizi kila kitu kinasikika peke yake. Benchi linaburutwa, mtoto analia, mtu anacheka kwa mbali. Na karibu kabisa, karibu kuliko kwaya yote, mtu anakohoa. Mara mbili, halafu pumzi inavutwa kwa taabu.

Huyo sikuhitaji kuambiwa ni nani.

Mama mdogo alijifuta macho kwa khanga. "Zirudishe hizi, ukachukue sabufa," akasema. Hakuwa anatania. Kisha akanyanyuka kuwahi gari.

Tangu aondoke nimeurudisha wimbo pale mwisho sijui mara ngapi. Nina hasira na mama kwa kunidanganya. Hasira yenyewe haifiki mbali, kwa sababu alinijua. Kila wiki nilikuwa nampigia, anasema mzima, nami nashukuru upesi nirudi kazini. Nilikuwa namsikiliza mguu ukiwa kwenye cherehani.

Spika sizirudishi. Gauni la mtoto wa watu nitalimalizia kesho, leo mikono haitaki kazi.

Nimebaki na swali moja. Angeniambia siku ile kwamba anaumwa, ningefunika cherehani nikaenda? Nataka kuandika ndiyo. Nimeliandika neno hilo na kulifuta mara tatu.