Saa ya Ghalani

Kiwandani,
Usambara Mashariki,
12 Mei 1999

Mama mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini mguu umepata nafuu na kabichi zinapata wanunuzi hapo Soni. Mimi ni mzima, ila usingizi umenikimbia.

Unamkumbuka Mzee Zuberi, mlinzi aliyenipokea mzigo siku nilipofika huku. Wiki iliyopita magunia ya chai yaliibwa ghalani. Tangu kiwanda kiuzwe, mlango wa ghala una mashine inayoandika saa kila unapofunguliwa, na wenye mali wapya wanaiamini kuliko mtu. Usiku ule iliandika saa tatu, zamu ya Mzee Zuberi. Aliapa kwamba hakufungua. Meneja akasema mashine haina sababu ya kudanganya, na kwamba Ijumaa angemkabidhi polisi. Mzee wa watu alilia mbele yetu, Mama. Niliumia sana.

Kwa kuwa kompyuta ya mashine hiyo iko mikononi mwangu, nikazipitia kumbukumbu zote. Nikacheka peke yangu. Eti siku iliyofuata wizi mimi na meneja tulikwenda kukagua ghala saa kumi na moja alfajiri! Tuliingia saa sita mchana, na meneja yule alfajiri hata umpigie ngoma haamki. Nilipomuuliza fundi umeme, akasema kabla ya wizi umeme ulikatika mara kwa mara. Kumbe ukikatika, saa ya mashine nayo husimama, ukirudi inaendelea pale ilipoishia. Tangu usiku wa wizi umeme haujakatika tena, kwa hiyo saa imebaki nyuma kwa kiasi kilekile. Nikasahihisha. Mlango ulifunguliwa saa kumi alfajiri, Mzee Zuberi akiwa kwake amelala.

Mama, kaa kitako kwanza. Zamu ya alfajiri ilikuwa ya Sefania wetu.

Mimi ndiye niliyemwombea kazi hii mdogo wangu. Nilitamani kunyamaza, lakini kilio cha yule mzee hakikuniachia nafasi. Nilimwendea Sefania, naye hakukana. Magunia yalikuwa bado yamefichwa, tukaenda kwa meneja pamoja. Amefukuzwa kazi. Amenusurika kupelekwa polisi kwa sababu Mzee Zuberi mwenyewe alimpigia meneja magoti.

Aliyekuletea barua hii anajua nilichoandika. Alisema hawezi kukueleza kwa mdomo wake. Tafadhali mpe chakula kwanza, ndipo umseme.

Nisalimie Baba na majirani wote. Sefania naye nisalimie. Wakati wa kuagana hakunipa mkono.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Yudith