Karatasi ya Chini ya Tangi

Alhamisi jioni. Mvua imepita mchana na kutuachia joto la kunata. Nimejifungia chumbani, na sababu si joto.

Leo nimeona aibu mpaka masikio yameniwaka. Naandika hapa kwa kuwa kuandika naweza. Kusema ndiko kunakonishinda.

Nilipomaliza décima segunda, darasa la mwisho la sekondari, nilijiwekea nia moja: kabla sijaomba nafasi ya kusomea viumbe wa bahari, nifuge matumbawe nyumbani, niyaone yanavyofumbuka na kula. Mama alicheka. "Bahari ipo hapo nyuma ya nyumba, wewe unataka kuileta sebuleni?" Pampu ndogo ninayo, alinitumia binamu yangu wa Pemba. Tangi jipya la samaki siliwezi. Ikabidi nitafute lililotumika.

Hapa Palma nilijua moja tu, na kila mtu analijua, maana ndimo Bi Zuhura anamopanga mandazi yake ya kuuza. Aliwahi kumpikia mgeni mmoja wa kazi za gesi, na mgeni huyo alipoondoka alimwachia. Jumamosi hii Bi Zuhura anahamia Quionga kwa binti yake, na kioo kama kile hakifiki salama kwa chapa, basi dogo la kusongamana. Akaniambia nilichukue, kwa bei ambayo hata mimi naimudu.

Jumapili nilikwenda kulikagua. Nilikuwa nimesoma sana kwenye simu. Tazama gundi ya kwenye pembe. Usilioshe kwa sabuni. Uliza kama samaki wa zamani walitiwa dawa yenye shaba, kwa sababu shaba huganda ndani na kuua matumbawe. Na kubwa kuliko yote: lijaze maji, weka karatasi kavu chini yake, usubiri.

Nikamwambia hayo kwa sauti ndogo. Sikufikiria hayo maji yatatoka wapi.

Bi Zuhura alijifunga kanga kiunoni akaenda bombani. Ndoo nne, kichwani, na magoti yake yale. Nilitaka kumpokea, akanizuia: "Kaa. Leo wewe mteja."

Tulikaa mpaka alasiri. Alinipa mandazi mawili, akanisimulia wajukuu zake wa Quionga mmoja mmoja. Alipoinuka kwenda kutawadha, nikavuta kipande cha gazeti tulichokuwa tumetandika, kilichokuwa kinachungulia chini ya kona ya nyuma.

Kilikuwa kimelowa.

Nikakikunja, nikakitia mfukoni. Aliporudi akauliza, "Haya, mwanangu, linafaa?" Nikatazama vidole vya miguu yangu nikajibu, "Nitakuja kesho, inshallah."

Nilijua siji. Nililitumia jina la Mungu kama pazia la kujifichia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizunguka njia ya nyuma kwenda kununua mandazi kwa mama mwingine. Leo asubuhi Mama aliuma moja, akalirudisha sahanini. "Hili si la Bi Zuhura. Hili la kujengea msingi. Mmegombana?" Nikasema hapana. "Basi nenda ukaniletee yanayotafunika."

Nikaenda. Tangi lilikuwa palepale mezani, bado lina maji, limefunikwa kanga mbu wasizalie humo. Mandazi yalikuwa nje, kwenye sinia, na Bi Zuhura anapunga pepeo kufukuza inzi.

"Karibu, mwenye bahari!" alisema. Hakuwa na hasira hata kidogo, na afadhali angekuwa nayo. "Yule bwana anayeuza makava ya simu alikuja Jumanne. Analitaka apange vitu vyake. Nikamwambia lina mwenyewe, kaniahidi."

Makava ya simu. Vitu vikavu! Tangi linalovuja kona moja lingemfaa yule bwana miaka na miaka, na mimi muda wote huo nimekaa na neno mfukoni.

Ndipo nikasema, ovyo ovyo, bila hata shikamoo. "Bibi, linavuja. Niliona Jumapili. Na siwezi kuliziba, gundi wanayouza ferragem, kwenye misumari na rangi, imetiwa dawa ya ukungu, inaua matumbawe. Nisamehe."

Alipitisha kidole kwenye kona, akakitazama. "Kumbe. Mimi nilidhani meza ndiyo inatoka jasho." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Ndoo nne hazikuniuma, mwanangu. Ungesema palepale, maji ningefulia, yakaisha. Siku nne hizi nalishikilia tangi kwa ajili ya inshallah yako."

Nikayachota yale maji yote, nikamfulia nguo zake za safari, nikazianika. Ndiyo maana vidole vyangu sasa hivi vimekunjamana.

Nilipokuwa naaga akaniambia, "Kesho uende kwa bwana wa makava, umwambie mwenye bahari kaghairi."

"Mimi, Bibi?"

"Mdomo ulioniambia inshallah si ndio huohuo?"

Mimi, ambaye darasani nilikuwa na jibu na bado nikainamisha kichwa ili profesa asinione. Niende sokoni, nisimame mbele ya mwanamume nisiyemjua, na wenzake wanasikiliza. Nimwambie kwamba tangi liko huru, kwamba kona moja inavuja, kwamba kwa vitu vikavu ni zuri. Yote matatu, nisifiche hata moja. Na kama keshapata kabati lingine, nirudi kwa Bi Zuhura nimwambie na hilo pia, kabla hajafunga mizigo.

Kile kipande cha gazeti bado ninacho. Kimekauka, doa limebaki. Nilifikiri niende nacho sokoni, sauti ikinikwama nimwonyeshe tu.

Hapana. Nitakiacha hapa nyumbani.

Nitasema.