Pale Peupe Katikati ya Picha

Ibra, Jumatano

Dada yangu Shukriya,

Shikamoo. Huku Uarabuni sote wazima, ila joto la mwaka huu halina adabu.

Nilikwambia habari za Nestor, mchoraji wa Kifilipino, mume wa nesi jirani yetu? Kwao Iloilo picha zake zilitundikwa kwenye maonyesho. Hapa anachora vibao vya maduka, na Ijumaa ndiyo huchora vyake: miraba na pembetatu za rangi tupu. Mamake, muuza samaki, humchora kama pembetatu ya njano. Anasema ndivyo anavyomkumbuka.

Alitaka kulichora soko letu la wanawake la Jumatano, na wanaume hawaingii. Basi kila nikirudi namhadithia rangi zake. Jana katuonyesha picha yenyewe. Binti yangu Alyaa akacheka: "Mama, Ibra gani hii yenye karafuu juu ya majamvi?" Kumbe siku zote nilikuwa namsimulia soko la kwetu Wete, na wewe umo ndani yake.

Katikati ameacha mahali peupe. Nikamuuliza. Akajibu kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, "Hapo amekaa dada yako. Hujaniambia yukoje."

Ningemwambia nini? Tangu uanze kuumwa, nikikupigia simu ya picha unanionyesha dari. Wallahi, sasa naijua dari yako kuliko uso wako.

Mwezi ujao Nestor anarudi kwao. Mwambie mwanao Tahira akupige picha, hivyo hivyo ulivyokonda. Usijifunike.

Mdogo wako, anayekutafuta sokoni kila Jumatano,
Fawziya