Likirimba ya Majembe

Jumanne, 4 Novemba

Leo zamu ilikuwa kwa Uwitonze, huku Kingi. Likirimba ya mama zetu, ule mchezo wa kupeana kwa zamu, ni ya pesa; yetu ni ya majembe. Wasichana wanne, kila siku baada ya masomo shamba la mmoja wetu. Tukimaliza kupalilia, mama yake hana tena la kumtuma — hapo njo tunakaa pembeni ya maharagwe na kusoma. Kemia imekwenda vizuri. Hesabu, bure! Delta, ile ya b mraba kutoa nne-a-c, imetushinda wote. Tunafarijiana tu.

Halafu Uwitonze akasema, kama kitu kidogo: akianguka tena mtihani wa hesabu Jumatatu, Papa yake anamtuma Rubaya, kwa shangazi anayepikia wachimbaji. Shule itakuwa imeisha. Nikamshika mkono, na udongo wake.

Jumatano, 5 Novemba

Wavulana hubaki darasani. Nimewachungulia dirishani. Mmoja anaandika ubaoni, akikosea, wote wanapiga kelele: "Futa!" Anafuta, wanamcheka, anaanza upya. Na wanaelewa! Sisi tungelia. Prof anawaacha wapige kelele, hata siku ya interro, mtihani wa kujibu ubaoni.

Nimemngoja Noël, mmoja wao, njiani. Sentensi yangu ya kumwomba atusaidie delta niliifanyia mazoezi vizuri — ikatoka nusu. Akasema tuje kwa tablo, pale ubaoni, kama wengine. Saa ile tuko shambani, nikamjibu. Akashangaa. Kila siku? Kila siku.

Jumamosi, 8 Novemba

Noël amekuja Kingi! Constance, mwenzetu wa likirimba, akampa jembe: hapa jembe kwanza, kaka, delta nyuma. Aling'oa maharagwe akaacha magugu. Mama Uwitonze akamuuliza kama kwao wanakula majani.

Kisha Noël akaandika hesabu kwa kijiti kwenye udongo. Uwitonze alipochukua kijiti akakosea, Noël akapaza sauti: "Futa!" Uwitonze akaweka kijiti chini.

"Dada, hiyo haiko matusi," Noël akasema. "Njo vile sisi tunasaidiana."

"Basi kaa chini," Constance akamwambia, "usaidie vile sisi tunasaidiana."

Akakaa. Akaeleza polepole, tena na tena, mpaka Uwitonze akapata mbili mfululizo. Akacheka, na Noël naye, magoti yote matope. Nilirudi nyumbani nikiwapenda wote.

Jumatatu, 10 Novemba

Naandika chini ya dawati. Interro. Uwitonze yuko ubaoni na chaki. Delta: tisa kutoa arobaini —

Hapana! C ni hasi. Ni kujumlisha!

Wavulana wameona. Mmoja amefungua mdomo, lakini Noël amegeuka na kidole midomoni: mumuache. Wote wamenyamaza. Wamefanya hivyo kwa upole, najua. Na yeye anaendelea, anashuka mstari wa pili, anadhani iko sawa kwa sababu hakuna anayepiga kelele.

Constance ananitazama. Mbona mimi?

"Futa!"

Ni mimi. Sauti yangu, darasa zima! Prof anauliza ni nani. Uwitonze hajageuka. Mabega yamesimama. Sasa mkono unatafuta kitambaa cha kufutia ubao —

Prof anakuja huku.