Jenerali wa Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Nimeumwa na mbwa. Nikiwa kazini, nasoma mita ya maji — na si kwa mtu baki, kwa shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu. Geti wazi, mnyororo hakuna, mbwa wake Jenerali akanivaa kigimbi. Shemeji katoka na kikombe cha chai mkononi. Eti haumi, alikuwa anacheza. Kumbe nyama yangu ni mchezo!

Zahanati wamenichoma sindano ya kwanza ya kichaa cha mbwa. Muuguzi kasema sheria inamtaka mwenye mbwa amfunge siku kumi, atazamwe kama ana kichaa. Taarifa imekwenda kwa ofisa mifugo.

Jumanne, 5 Machi
Mume wangu anataka tuyamalize kifamilia. Mwanamume mzima, kaka yake akikohoa yeye anaitika. Nimemwambia sheria haina shemeji. Kanuna.

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji kaleta cheti cha chanjo, kifua mbele. Nimekisoma. Jike, rangi ya kahawia. Cha mbwa wake aliyekufa mwaka juzi! Jenerali ni dume, mweusi tii. Eti mbwa ni mbwa. Na huyu ndiye mwenyekiti wetu wa mtaa.

Jumapili, 10 Machi
Fundi cherehani, jirani wa shemeji, kaninong'oneza: Jenerali hayupo tangu juzi. Alikuwa hali chakula, anadondosha mate, kapakiwa kwenye pikapu alfajiri. Na kabla ya hapo kamkwaruza mmoja wa mapacha wa shemeji kwa meno. Nimeogopa. Mimi nina sindano zangu. Wale watoto wana nini?

Alhamisi, 14 Machi
Siku ya kumi. Niko kwa shemeji, nimeitwa nimtambue mbwa mbele ya ofisa mifugo. Mnyororoni kuna dume jeusi, nene, linatikisa mkia. Si Jenerali! Jenerali ana sikio lililochanika. Sijui wameliazima wapi. Shemeji, macho makavu, eti huyo hapo, mzima wa afya. Ofisa kasema nikikubali, faili linafungwa, hakuna mwingine wa kupelekwa zahanati kuchomwa sindano. Kisha kaniuliza: ndiye? Mapacha wako barazani, wanamenya machungwa.

Nimeomba kwenda msalani. Naandika humu, daftari gotini. Mume wangu anagonga mlango taratibu, ananibembeleza niseme ndiye, yaishe. Mpumbavu wa watu.

Nimemjibu awavishe mapacha viatu.

Sasa anauliza viatu vya nini.